Futi Iliyosingiziwa

Machi 6, Jumatano

Nimeanza kuandika kwa sababu leo nimekosa wa kumwambia. Mambo yangu yote huwa namwambia Sindano, jirani yangu wa cherehani. Tuliajiriwa pamoja, wiki ile ile, katika karakana hii ya ushonaji, na mashine zetu zimekaribiana kiasi kwamba tukishona vitambaa vipana viwiko hugongana. Jina la Sindano alipewa na Bimkubwa, mwenye karakana, kwa wembamba wake. Bimkubwa huyo huyo ndiye aliyeniita mimi Redio, na sidhani kama kuna haja ya kueleza kwa nini.

Leo nimeingia nimelowa, nikamwambia, "Sindano mwenzangu, umeamkaje?" Akainama kutunga uzi. Nikadhani hakusikia, mvua ilikuwa inapiga bati. Nikarudia. Akainua kichwa, akapitisha macho juu ya bega langu, akamwambia mpiga pasi wetu, "Fundi Pasi, pasi ishapata moto?"

Ameijulia hali pasi, na mimi mtu mzima nimesimama mbele yake natiririka maji.

Machi 7

Vilevile. Jana na juzi pia, nikikumbuka vizuri.

Machi 8, Ijumaa

Nimejikagua. Nimemkosea nini?

Jumatatu tulikuwa sawa. Tulikuwa tunapimana, maana karakana inatimiza miaka kumi mwezi ujao na Bimkubwa anataka siku hiyo tuvae sare, gauni la buluu. Hapa kwetu kuna sharti: fundi hajishonei nguo yake. Kwa hiyo Sindano anashona gauni langu na mimi lake. Na anayepima husoma kwa sauti, mwingine anaandika. Sindano alinipima, kiuno kikazidi inchi mbili. Nikampima yeye, kikazidi tatu, mtu ambaye tangu nimjue kiuno chake ni ishirini na nane. Nikatangaza, "Kiuno thelathini na moja! Jamani, Sindano anataka kuwa mwiko!" Wote wakacheka. Kisha nikamwambia Fundi Pasi aandike ishirini na nane kama kawaida, kwa sababu futi yetu ya kupimia ni ya kitambaa, ya siku nyingi, na futi za namna hiyo zikizeeka huvutika. Si hata yangu ilizidi? Yakaisha hapo, kwa vicheko.

Hapana, siyo hilo. Nadhani ni mwavuli. Niliazima mwavuli wake wiki iliyopita nikaurudisha umevunjika ubavu mmoja, na sikusema.

Machi 11, Jumatatu

Mume wangu ni fundi baiskeli. Ameutengeneza mwavuli kwa spoku, umekuwa imara kuliko ulipotoka dukani. Nimeuweka juu ya cherehani ya Sindano na maneno matamu niliyoyaandaa njia nzima. Akautundika kwenye msumari. Jioni mvua ilipomwagika akajifunika mfuko wa plastiki kichwani akaondoka, mwavuli akauacha pale pale unaning'inia.

Nimemsimulia mume wangu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Basi siyo mwavuli." Kwa jioni moja, hiyo kwake ni hotuba.

Machi 14

Nimeamua kumnunia na mimi. Kama ni kunyimana uso, hata mimi ninao wa kumnyima. Nimejikaza kisabuni asubuhi yote, midomo nimeibana mpaka Fundi Pasi akaniuliza kama jino linaniuma. Halafu nikaona Sindano anashonea kola nje ndani. Nitafanyaje? Nikapiga kelele, "Kola umeigeuza!"

Akaifumua. Hakusema asante, na mimi nilishavunja kiapo changu kabla ya chakula cha mchana.

Machi 15

Mvua. Umeme umekatika. Tumekaa bega kwa bega gizani hatusemeshani, nikasikia anavyopumua.

Machi 19, Jumanne

Leo imeniuma kweli. Nilimpelekea chai, ile anayoipenda, ya tangawizi nyingi. Akaisogeza kando, akaziba pua kwa leso kama nimemletea sumu, akatoka nje haraka. Aliporudi akakaa kwa Bimkubwa, wakawa wanaongea na kucheka. Na Bimkubwa jamani! Mwanamke ambaye hata akifurahi uso wake unadai kodi.

Nilikwenda kusimama kwenye meza ya pasi. Fundi Pasi akasema bila kunitazama, "Dada Redio, nikuambie kitu? Usimfuatefuate."

"Nimfuate wapi? Tumekaa mashine kwa mashine."

"Hata ukikaa unamfuata. Unamtazama kama mteja anayesubiri suruali."

Nikacheka kwa sababu ni kweli. Kisha nikaenda nyuma ya pazia la kujaribia nguo, nikalia kidogo, nikarudi kushona. Mtu akikukasirikia akakutukana, angalau unajua mlipo. Huyu hanitukani, haniteti, kwangu amezima tu.

Machi 21

Sindano siku hizi anavaa sweta kubwa la mumewe, hata likitoka jua. Nilitaka kumtania. Nikakumbuka sina ruhusa.

Machi 23, Jumamosi

Chumba chetu kinavuja, tumehamisha kitanda. Chini yake nikakuta lile sanduku, nikalifungua ingawa nilijua lina nini.

Miaka miwili iliyopita Sindano alipata mimba baada ya kungoja sana. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuambiwa baada ya mumewe. Kabla ya wiki kuisha nilikuwa nimeshona nguo saba za kitoto, na kwa furaha nikazitundika kwenye kamba ya karakana, pale mbele, kila anayeingia azione. Mimba ilipofika mwezi wa tano ikaharibika. Nilizianua siku hiyo hiyo kabla hajarudi kazini, nikazileta humu, na sijawahi kumwambia ziko wapi. Sijui ningezipeleka kwa nani.

Nimezikunja upya. Zile kola ndogo nilizipiga vizuri.

Naandika mambo mengi kumhusu yule mwanamke na karibu yote ni malalamiko. Ukweli ni kwamba nampenda, na nikifikiria kushona maisha yangu yote kando ya mtu asiyenijibu, mikono inakosa nguvu.

Machi 27

Nimekata gauni lake, kiuno ishirini na nane. Yeye anashona langu. Yaani mchana kutwa ameshika mabega yangu na mimi nimeshika yake, na salamu hakuna.

Aprili 2, Jumanne

Lazima niandike hili polepole.

Sindano amemaliza gauni langu. Asubuhi nililikuta limetundikwa kwenye mashine yangu, limepigwa pasi, pindo refu na mikono mirefu kama nilivyoomba. Kazi safi. Nilipoligeuza nikaona ameshona kwa kipimo kile kile cha futi, pamoja na zile inchi mbili za ziada. Nikajisemea, haya, ameamua kunikomoa, litanipwaya kama gunia. Nikaingia nyuma ya pazia kulijaribu.

Limenikaa sawasawa. Halijapwaya hata kidogo.

Nikatoka na gauni mwilini, nikachukua futi, nikailaza juu ya rula ya chuma ya Bimkubwa. Inchi kwa inchi zimekutana, mwanzo hadi mwisho. Futi ni nzima. Kumbe ni mimi niliyenenepa! Nilisimama pale nimechukia, nahesabu kimoyomoyo mikate ya mwaka mzima.

Halafu likanijia. Kama futi ilisema kweli kwangu, ilisema kweli na kwa Sindano.

Lile sweta. Chai iliyomkimbiza nje. Kucheka na Bimkubwa, ambaye haulizi mtu habari zake. Nilikaa juu ya robota la vitambaa, furaha ikanipanda mpaka masikio yakawasha. Sindano alikuwa nje barazani, ananawa. Niliinuka ili nikamkumbatie. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, mdomo wazi, sauti iko tayari, Fundi Pasi yuko pale, wateja wawili wako pale.

Nikaiona kamba. Ile ile ya mbele, sasa imetundikwa sare za shule.

Nikafunga mdomo. Sijui kama nimewahi kufanya hivyo katika umri wangu wote. Nikarudi kwenye mashine. Sindano akaingia akakaa, uso umelowa maji, macho kwenye uzi. Nikashona.

Aprili 3

Sijasema.

Aprili 4

Sijasema. Mume wangu ameniuliza kama naumwa.

Aprili 6, Jumamosi

Tatizo ni gauni. Nimelikata ishirini na nane, na akiba niliyoacha ndani ya mshono haitoshi. Likijaribiwa mbele ya watu zipu itagoma, na kila mtu atajua sababu, kwa kosa langu na mdomo wangu. Kitambaa cha buluu kimekwisha dukani.

Lakini gauni langu lina pindo refu na mikono mirefu.

Leo nilibaki peke yangu baada ya kazi, nikasema nasafisha mashine. Nimekata mikono ya gauni langu juu ya kiwiko. Nimekata na pindo. Iliniuma, maana ile ilikuwa kazi ya mkono wake na mishono yake naijua. Vipande nimeviingiza ubavuni mwa gauni lake, na chini ya kifua nimemwaga marinda yanayoanguka mbele. Asiyejua atadhani ni mtindo.

Aprili 8

Sijasema. Na mvua haijakatika.

Aprili 10, Jumatano

Bimkubwa amesema leo kila mtu ajaribu sare yake. Uso wa Sindano ukawa wa majivu.

"Bimkubwa, mimi nitajaribu kesho. Sijisikii vizuri."

"Kesho ipi? Jumamosi ndiyo sherehe. Ingia, hata dakika humalizi."

Akalichukua gauni bila kulitazama, akaenda nyuma ya pazia kama anakwenda kudungwa. Mimi nilikuwa natia kishikizo kwenye shati la mteja. Nimekitia kishikizo kimoja mara tatu. Nyuma ya pazia kimya. Halafu zipu. Ilipanda mpaka juu bila kusita, nikasikia, sisi tunajua sauti ya zipu inayopanda vizuri.

Akatoka. Lilimwanguka vizuri jamani, marinda yametulia mbele, nafasi ipo na haionekani.

Bimkubwa akazunguka nyuma na mbele. "Mbona la huyu lina marinda? Nani alisema marinda?"

"Nilikata vibaya, Bimkubwa," nikasema. "Nikaficha kosa."

"Wewe? Ukate vibaya?" Akanigeukia, nami nimevaa langu. "Na hii mikono yako imekwenda wapi? Na pindo? Umevaa gauni la mdogo wako?"

"Nasikia joto siku hizi."

"Joto! Na mvua hii!"

Fundi Pasi akakohoa. Nikaongeza, "Umri, Bimkubwa." Akaniacha.

Sindano alikuwa amesimama, kidole kinafuata mshono wa ubavuni, pale nilipounganisha. Yeye ni fundi. Alijua kile kipande kimetoka kwenye pindo gani, maana alilipinda mwenyewe. Akainua macho akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu Machi alinitazama mimi, siyo bega langu. Nikaenda kutafuta kishikizo kilichoanguka.

Aprili 11

"Umeamkaje," ameniambia.

"Salama," nimejibu.

Mume wangu alipoambiwa jioni akaacha kula. "Ukajibu neno moja? Wewe?"

Aprili 13

Sherehe imekwisha. Hotuba ya Bimkubwa ilikuwa ndefu kuliko miaka yenyewe. Kwenye picha Sindano amesimama kando yangu.

Aprili 15, Jumatatu

Jioni mvua ilitukuta barazani, sisi wawili, wengine wamekwenda. Sindano alikuwa ameshika mwavuli wake wenye spoku. Hakuufungua.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Ulipomaliza gauni langu. Liliponikaa."

Akanigeukia. "Siku ya kupimana hukujua?"

"Sikujua kitu. Nilidhani futi imevutika."

"Redio! Ulisimama ukatangaza thelathini na moja mbele ya watu, moyo ukanisimama. Nikasema huyu kajua, huyu ana macho ya futi, kesho kamba itajaa nguo."

"Nilidhani futi," nikasema tena.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Mwezi mzima namkwepa mtu asiyejua kitu!"

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejiambia sitasema, lakini hili halikuwa lake, lilikuwa langu. "Imeniuma, Sindano. Nilikuwa nakuja asubuhi nakusalimia, wewe unasalimia pasi. Nimelia nyuma ya lile pazia. Ungeniambia tu ninyamaze."

"Wewe?"

"Ungejaribu!"

Maji yalikuwa yanashuka kwenye ukingo wa bati, tumesogea nyuma mpaka mgongo umegusa ukuta.

"Mara ile," akasema, "kila aliyeingia aliniuliza mtoto hajambo. Wateja, wapita njia, yule mleta nyuzi. Walikuwa wameziona nguo. Nikawa nawajibu mmoja mmoja, hayupo. Mpaka leo kuna mmoja naogopa kukutana naye kwa sababu sijamjibu bado." Akafuta uso. "Sikukununia, mwenzangu. Furaha yako ndiyo iliyonitisha. Wewe ukifurahi mtaa mzima unafurahi, na mimi sikuwa na nguvu ya kuwafariji tena mtaa mzima. Na nilijua ukinitazama tu usoni, nitakuambia. Ndiyo maana sikukutazama. Nilifanya vibaya. Nisamehe."

Nilitaka kusema mengi. Niliyameza. Nikamshika mkono na tukasimama hivyo, vidole vyake vimejaa matobo ya sindano kama vyangu.

"Zile nguo nilizianua mimi," nikasema mwishowe. "Ninazo."

"Najua. Nani mwingine angezianua?"

"Sasa nisifurahi?"

"Furahi. Ila taratibu."

Akafungua mwavuli. Tumekwenda nao mpaka njia panda, mimi bega moja likilowa, nimefurahi taratibu njia nzima.

Aprili 22

Tunaongea. Kuhusu mvua, kuhusu uzi mbovu wa siku hizi. Lile lingine tunalipitia mbali, kama watu wanaozunguka dimbwi.

Aprili 30

Naona ameanza kuhesabu siku. Haniambii, lakini akikaa kimya anapapasa kalenda ya ukutani kwa macho. Ni mwezi wa tano wa mimba. Nami nahesabu.

Mei 7, Jumanne

Sindano hajaja kazini.

Nimefika mapema, mashine yake imefunikwa. Nikajiambia amechelewa kwa matope. Ikapita saa ya chai. Bimkubwa akasema hana habari. Nilishonea mkono wa kushoto upande wa kulia, nikafumua, nikarudia kosa lile lile. Nilitaka kwenda kwake. Nikaona, nikigonga mlango na uso huu atalazimika kunifariji mimi. Nikakaa. Fundi Pasi, ambaye sijawahi kumwambia kitu, akaja akapiga pasi nguo zangu zote mpaka zikaisha, kisha akasema, "Nenda tu nyumbani, dada. Leo unawaharibia watu suruali."

Nyumbani nimelala chali natazama dari inayovuja. Mume wangu amekaa kando ya kitanda. Hakusema kitu, na safari hii nilikuwa na haja na mtu wa namna hiyo.

Mei 8

Amekuja! Nimemwona anavuka barabara, anaruka madimbwi, sweta hana.

"Nilikwenda kliniki," akasema, anavua viatu. "Foleni mpaka jioni. Nilitaka kukutumia mtu." Akasogea karibu na sikio langu. "Wanasema anacheza vizuri."

Nilikwenda nyuma ya pazia kulia tena. Lile pazia limenijua.

Mei 16

Sasa kila mtu anaona. Bimkubwa amemletea kiti chenye mgongo, akadai kilikuwa kinamzuia njia. Wateja wakiniuliza mimi, nawaambia, "Muulizeni mwenyewe." Wanadhani nina homa.

Mei 28, Jumanne

Wiki nzima haijanyesha. Tumefungua madirisha yote na kuanika marobota nje, karakana inanuka jua.

Mchana Sindano alifungua mkoba wake, akatoa kitambaa cheupe cha pamba, laini, akakiweka juu ya mashine yangu.

Nikakitazama. Nikaweka mikono mapajani.

"Zile za zamani usizilete," akasema. "Huyu ashonewe zake."

"Sasa? Hatungoji kidogo?"

"Mimi nimeshangoja. Kata kabla sijabadili mawazo."

Nikakitandaza mezani. Fundi Pasi akainua pasi akasahau kuishusha. Bimkubwa akajifanya anatafuta chaki. Nikachukua ile futi, ile niliyoisingizia, nikailaza kwenye kitambaa kwa upana, upana mdogo ajabu, nikaweka kidole kwenye namba. Mdomo ukafunguka wenyewe kwa mazoea ya kazi. Nikaufunga. Nikamwinamia nimnong'oneze.

Sindano alikuwa ameshashika kalamu.

"Soma vizuri," akasema. "Sikusikii."

"Kwa sauti?"

"Kwani una nyingine?"

Nikasoma. Naambiwa mume wangu alinisikia mpaka kwenye baiskeli zake.